Jedwali Nililolificha

Shangazi yangu alinyang'anywa simu ya mradi mbele ya mkutano wa kijiji, kwa sababu dashibodi ya kompyuta niliyoitengeneza mimi ilisema hafanyi kazi. Nilikuwepo. Nilikaa kwenye benchi la wageni pamoja na meneja wetu, kompyuta mapajani, na nilipoulizwa mbele ya watu kama kuna uwezekano mashine imekosea, nilijibu kwamba mfumo haudanganyi. Nayaandika haya kwa sababu miaka miwili baadaye nilikuja kuona kwamba shangazi alikuwa mkweli, na kwamba aliyedanganya siku ile ni mimi, ingawa nilikuwa sijui kama nadanganya.

Mradi ulikuwa wa visima. Tulichimba visima vya pampu ya mkono, ambayo vijijini kila mtu anaiita bomba, katika vijiji vya Nzega na Igunga. Kila kisima kilipewa mwangalizi, mtu wa palepale, na kazi yake ilikuwa kutuma taarifa kwa simu kila asubuhi: maji yanatoka au hayatoki, nini kimelegea, nini kimevunjika. Taarifa ziliingia kwenye kanzidata, yaani ghala la taarifa la kompyuta, na mimi, katika ofisi yetu ya vyumba vitatu mjini Tabora, ndiye niliyezigeuza kuwa ramani na michoro. Kisima kizima kilikuwa na alama ya kijani. Kibovu, nyekundu, na fundi anatumwa. Kisichosema lolote, kijivu.

Shangazi nilimpendekeza mimi. Ni dada mkubwa wa marehemu baba yangu, mjane, anaishi upande wa Ziba katika kijiji ambacho watu wake husema misafara ya zamani ilikuwa inalala hapo kwa sababu ya maji. Ni mtu ambaye akikwambia atakuja saa tatu, saa tatu kasoro yupo mlangoni kwako anauliza kwa nini vyombo vya jana havijaoshwa. Sikuona mwangalizi bora kuliko yeye. Watu wa ofisini walinitania kwamba damu nzito kuliko maji, hata maji ya kisima, nami nikacheka nao. Ila utani ule uliniingia, na tangu siku hiyo nikawa nachunga sana nisionekane nambeba.

Mafunzo tuliyafanyia Lusu, siku mbili, kwenye darasa tuliloazimwa. Waangalizi wengi walikuwa kina mama watu wazima. Simu za kugusa waliziogopa, wanaweka kidole na kukitoa haraka kana kwamba kioo kina moto. Basi nikatengeneza fomu ya mazoezi, nikaiita Jaribio. Fomu hiyo ilianza kwa kuandika: Shikamoo mama. Chini yake palikuwa na nafasi ya kujibu. Nilitaka wajifunze herufi kwa neno wanalolijua, na nilitaka wacheke kidogo.

Walicheka kweli. "Yaani simu inaniamkia mimi!" mmoja alipiga kelele. "Ina adabu kuliko wajukuu zangu." Kila mmoja aliinama akaandika marahaba, herufi moja baada ya nyingine, wengine kwa kutoa ulimi nje. Baada ya hapo walijizoeza maswali ya kisima, na mwisho kulikuwa na nafasi ya kuandika maoni. Shangazi alimaliza wa kwanza, akakaa ananitazama kwa fahari, nami nikajifanya simwoni.

Siku ya pili niliwaonyesha fomu yenyewe ya kazi. Hiyo ilianza na swali la namba ya kisima. Niliwaambia kuanzia leo watumie hii, ile ya jana waachane nayo. Nilipaswa kuifuta kwenye kila simu. Lakini gari lilikuwa linasubiri, dereva anapiga honi, na nikajiambia kwamba nimeshawaambia, watu wazima wale. Waliondoka na fomu zote mbili.

Mimi ni mtu wa usafi. Ukija kwangu, mtaa wa Chemchem, hukuti kijiko mahali pa uma, na nikiona meza ya mtu imejaa makaratasi napata hasira isiyonihusu. Kazini ilikuwa hivyo hivyo. Chombo chetu cha takwimu kilionyesha kila jedwali lililokuwa kwenye kanzidata, na katikati ya majedwali yangu mazuri lilikaa hilo la Jaribio, limejaa marahaba na herufi za kubahatisha. Wageni wa mradi walikuwa wanakuja. Chombo kile kina kitufe cha kuficha jedwali. Ukikibonyeza, jedwali halifutiki, linaendelea kupokea taarifa kama kawaida, ila halionekani tena kwenye skrini ya mtu yeyote. Nililificha wiki moja baada ya mafunzo, nikaridhika, nikaenda kunywa chai.

Kisima cha shangazi kilibaki kijivu tangu siku ya kwanza. Vingine vilianza kugeuka kijani kimoja kimoja, chake hakikugeuka. Nilimpigia.

"Shangazi, mbona hutumi?"

"Natuma, mwanangu. Kila siku, kabla sijawasha moto."

Nilisema labda ni mtandao. Mwezi wa pili nilisema tena labda ni mtandao. Mwezi wa tatu nilimpigia kwa sauti ya kiofisi, ile ninayoichukia nikiisikia kwa wengine, nikamwambia kwamba kuna watu wananiuliza na sina cha kuwajibu. Akarudia neno lilelile, anatuma. Niliona anaona aibu kukiri kwamba simu imemshinda.

Kiangazi kilipokuwa kimekolea, mjukuu wake alifariki. Alikuwa mtoto wa miaka mitatu, wa binti yake wa mwisho, aliharisha siku nne. Kaka yangu alinipigia simu, nikapanda basi la asubuhi kwenda Nzega, nikaunganisha gari la Ziba, nikamalizia na pikipiki, nikawahi maziko. Nilikaa na shangazi kwenye mkeka hadi jioni. Maji ya msibani yaliletwa kwa ndoo, meusi kidogo, wanawake wakayachemsha, na mimi niliyelipwa mshahara kwa ajili ya maji ya kijiji kile sikuuliza yametoka wapi.

Wiki tatu baadaye ndipo meneja alipoamua. Alisema mwangalizi asiyetuma anaharibu sura ya mradi mzima. Mtendaji wa kijiji akaitisha mkutano. Kisimani hatukupita, wala hatukuuliza hali ya bomba. Meneja hakuwa mtu mbaya, aliongea kwa heshima, akaeleza kwamba kisima hiki ndicho pekee kilichokaa kimya miezi yote. Akaichukua simu, akafungua fomu ya kazi, akaonyesha kwamba hakuna kitu. Simu zile zilikuwa zinafuta taarifa zikishatumwa ili zisijae, hivyo hata kwenye Jaribio asingekuta kitu, na hata hivyo hakuna aliyeikumbuka.

Shangazi alisimama. "Mimi natuma kila asubuhi," alisema. "Muulizeni mwanangu huyu hapa, yeye ndiye anapokea."

Watu wote wakageuka kunitazama. Nilikumbuka utani wa ofisini. Nikasema mfumo haudanganyi.

Alinitazama muda mrefu. Kisha akaacha kubishana, ghafla tu, akakaa chini, na binti yake ndiye aliyesema basi, chukueni simu yenu. Nilidhani ameishiwa maneno kwa sababu amekamatwa. Na nitasema kama ilivyokuwa: nilimkasirikia. Nilikasirika kwamba amenitia aibu mbele ya bosi wangu, na njiani kurudi nilinuna hadi Nzega.

Mwangalizi mpya alituma siku yake ya kwanza kwamba bomba limekufa, lina muda mrefu. Kisima kikawa chekundu, fundi akaenda, maji yakatoka. Hapo ndipo mambo ya shangazi yalipoharibika kabisa. Kijiji kilipiga hesabu yake: kumbe taarifa moja tu ilitosha kuleta fundi, na kiangazi chote mwenye simu alikuwa amekaa nayo tu. Watu wakakumbuka mtoto. Hawakumwambia usoni, ila maneno ya kisimani yanasafiri, na mimi yalinifikia hadi Tabora kupitia kwa kaka: bibi amemuua mjukuu wake kwa uvivu. Sijui kama ni maji yaliyomuua mtoto yule. Hospitalini hawakusema hivyo, wala hawakusema sivyo. Lakini kijiji kilikuwa kimeshaamua.

Aliacha kwaya. Alikuwa sauti ya pili miaka yote ninayomkumbuka, akaacha. Kwenda kuchota maji akawa anangoja jua kali la mchana, wakati wenzake wameshaondoka. Nilienda kwake Krismasi mbili, akanipokea vizuri, akanichinjia kuku, hakuligusa jambo lile hata kidogo, nami nikashukuru kwamba hakuligusa.

Mradi ulipofika mwisho, niliambiwa niandae orodha ya majedwali yote ili wenzetu watakaoendelea na visima wahamishiwe taarifa, kisha seva izimwe. Ilionekana kazi ya nusu saa. Nilifungua chombo cha takwimu, nikahesabu kwenye skrini, majedwali kumi na moja. Lakini nilikumbuka kwamba kanzidata ilikuwa na zaidi ya hayo, na aliyekuwa na nywila yake alikuwa ameacha kazi, amehamia mbali, hapokei simu. Nikaamua kupita kwenye API ya chombo chenyewe, yaani ule mlango ambao programu hutumia kuongea na programu nyingine bila kupitia kwenye skrini. Unatuma ombi, unaambatanisha ufunguo wako, kinakujibu kwa maandishi matupu, bila rangi wala urembo. Ukikiuliza kwa namna hiyo majedwali yote unayoyajua ni yapi, kinataja yote. Skrini huonyesha ulichopanga kionekane. API haina habari na mipango yako.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, siku ya kawaida, mwenzangu ameegemeza kichwa mezani anasinzia. Jibu lilikuja na majedwali kumi na tisa. Nikaanza kuyapitia. Mengi yaliyofichwa yalikuwa takataka kweli, mabaki ya majaribio ya watu waliopita. Nikafika kwenye Jaribio. Nilitegemea mistari ya siku moja ya Lusu, labda thelathini au arobaini. Ilikuwa zaidi ya mia mbili.

Nikaomba mistari yenyewe. Ya siku ya mafunzo ilitoka kwenye simu zote, nikaona na herufi zao za kubahatisha. Baada ya hapo yote ilitoka simu moja, namba ileile, kila siku, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.

Marahaba mwanangu. Maji yanatoka vizuri. Sote wazima.

Marahaba. Maji yapo. Jana mvua ilinyesha kidogo.

Marahaba mwanangu. Mpini umelegea, unapiga kelele. Mje muuone.

Nilisoma nikiwa bado sielewi ninachosoma, kwa sababu akili ikikataa jambo inakuwa nzito. Kisha nikafika kiangazi.

Marahaba. Bomba halitoi. Leteni fundi.

Marahaba. Bado. Tunachota lamboni pamoja na ng'ombe.

Marahaba. Bado mwanangu. Nimewaambia watu mnakuja.

Hiyo ya tatu ilijirudia kwa maneno tofauti wiki baada ya wiki. Kisha ukaja mstari unaosema mtoto anaharisha tangu jana. Kisha kesho yake, na kesho yake tena. Kisha huu: Marahaba. Leo tunazika saa nane. Bomba bado.

Nililia pale mezani kwa sauti, mwenzangu akaamka ameshtuka akidhani nimepigiwa simu ya msiba. Nilikuwa nawaza kwamba asubuhi ya kumzika mjukuu wake, mwanamke yule aliamka gizani, akachukua simu, akaitikia salamu, akaandika kuhusu bomba kwa sababu alikuwa ameahidi kuandika kila siku. Na mimi mchana wa siku hiyohiyo nilikaa naye mkeka mmoja nikiwa najua moyoni kwamba ni mvivu.

Nilimwandikia meneja, ambaye alikuwa ameshahamia mradi mwingine. Alijibu siku ileile. Alisikitika sana, alisema, na mambo kama haya hutokea kwenye mifumo. Nilitamani kumtukana. Mfumo gani? Kitufe kile kilibonyezwa na kidole, na kidole kilikuwa changu.

Nilichapisha kurasa zote, nikasafiri. Mkutano uliitishwa Jumapili baada ya ibada. Nilisimama mahali palepale alipokuwa amesimama yeye, nikasema jina langu na kosa langu, nikasoma mistari kwa sauti pamoja na tarehe zake. Mtendaji alivua kofia. Wanawake wawili waliokuwa wamesema mengi walikwenda kumshika shangazi miguu wakilia, na mwalimu wa kwaya akamwambia kiti chake bado kipo. Watu wakinisimulia husimulia sehemu hiyo, na nikisimulia mwenyewe huishia hapo. Wananiambia nilionyesha ujasiri.

Ambayo sijaisimulia ni siku iliyotangulia, Jumamosi, nyumbani kwake.

Nilimkuta uani anachagua mchele kwenye ungo. Nilipiga goti, nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia nimekuja kwa jambo kubwa. Nikamweleza kwamba nimeziona taarifa zake zote, kwamba alikuwa anatuma kweli, ila kwa fomu ya mazoezi.

"Kwani zilikuwa mbili?" alisema, kisha akakumbuka. "Ndiyo. Ile nyingine sikuitaka. Haina adabu, inaanza kukuuliza namba kabla ya salamu. Nikajua ile ni ya ofisi, hii ni yako. Wewe ndiye unaniamkia."

Nikamwambia kesho nitasema mbele ya kijiji, nitamsafisha jina lake. Alitikisa kichwa polepole, akaokota jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa.

"Fanya, mwanangu, ikiwa moyo wako umekubali sasa," alisema. "Mimi nilishakusamehe siku ileile. Ulipokataa pale mkutanoni, nilikutazama nikaona mtoto anaogopa. Nikasema ana bosi pembeni, ana watoto wanasoma, nikimbana atafukuzwa kazi. Ndiyo maana nilikaa chini."

Nilibaki na makaratasi mkononi. Sikuelewa mara moja.

"Waliposema habari za mtoto," aliendelea, "nilinyamaza pia. Iliniuma, sikufichi. Lakini nilikuwa najiambia, yupo mtu mmoja anayejua. Kila siku alikuwa anasoma. Anajua bomba lilikufa lini, anajua nilililia. Na siku ya msiba nilimwandikia asubuhi, mchana akafika. Hilo lilinitosha."

Ningeweza kunyamaza. Nimeliwaza hili mara nyingi: ningeweza kuitika tu ndiyo shangazi, niliogopa, na kesho tukaenda mkutanoni. Lakini nilikuwa nimesafiri na ukweli wangu umeshachapishwa, na mimi ni mtu wa usafi.

"Shangazi," nilisema, "sikuwa nasoma. Hakuna aliyekuwa anasoma. Lile jedwali nililificha tangu mwanzo, lilikuwa halionekani."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Na siku ya msiba ulikujaje?"

"Kaka alinipigia simu."

Aliutazama mchele. Ndani binti yake alikuwa anaosha sufuria, nasikia maji. Kisha shangazi akauweka ungo chini, taratibu, kwa mikono miwili.

"Bora ungekuwa mwoga, mwanangu," alisema. "Mwoga angekuwa amenisikia."